Mchapishaji kaniambia nichague: watoto au wakubwa. Roald Dahl aliwezaje?

Mwalimu_Isevya
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Nafundisha darasa la tano hapa Tabora, usiku naandika. Nina hadithi 11 za watoto na 4 za watu wazima; katika hizo 4, mume wangu alisoma moja akanirudishia bila kusema neno. Mwezi uliopita nilizipeleka zote kwa mchapishaji mmoja. Akazigawa mafungu mawili mezani kama anayechambua maharage, akasema: “Mwalimu, chagua. Mama anayemnunulia mwanawe kitabu asije akakuta jina lako kwenye hadithi ya mke aliyemuua mumewe.”

Nimekwama. Juzi kwenye vitabu vya mtumba nikaokota Going Solo cha Roald Dahl, yule Mwingereza aliyeandika kitabu cha watoto Matilda. Kumbe mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi Shell, akajifunza na Kiswahili! Na mtumishi wake, Mdisho, alikuwa mtu wa kwetu. Yeye kaandika “Mwanumwezi”, nikacheka peke yangu ndani ya bajaji. Anadai ndilo kabila pekee lililowahi kuwashinda Wamasai vitani. Nilimsomea baba mkwe, sasa kitabu hakirudi.

Swali langu: huyu aliandikia watoto na wakubwa. Alianzia wapi?

Mstaafu_Ujiji
Marahaba mwalimu. Nimefundisha Kiingereza miaka 31 huku Kigoma, huyu namfahamu. Alianza na wakubwa.

Mwaka 1940 ndege yake ya kivita ilianguka jangwani Afrika Kaskazini, akaumia vibaya. Mwaka 1942 akiwa Washington, mwandishi C. S. Forester akamtafuta: nisimulie mambo ya vita, mimi nitaandika. Wakaenda kula nyama ya bata. Kula na kusimulia vikagongana, Dahl akasema basi nitakuandikia nyumbani. Forester alipopokea yale maandishi, akayapeleka kama yalivyo, na gazeti la Saturday Evening Post likayachapa.

Mwaka 1943 alitoa kitabu kimoja cha watoto, kilichotokana na kazi yake na Disney. Baada ya hapo, miaka karibu 18, wakubwa watupu. Na huyo mke aliyemtaja mchapishaji wako yumo! Katika kitabu chake cha hadithi Someone Like You (1953) mke anampiga mumewe kichwani kwa mguu wa kondoo ulioganda, anauoka, anawakaribisha polisi waliokuja kutafuta silaha. Wanaumaliza.

James and the Giant Peach, cha watoto, kilitoka 1961, mwenyewe ana miaka 45 na watoto wa kusimulia hadithi wakati wa kulala. Ukisoma vile vya watoto utaona ukatili ni uleule, kaupunguza chumvi tu.

Mdau_wa_Mwanga
Mzee wangu, umempaka mafuta mno. Toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory, 1964, wale wafanyakazi wadogo wa kiwandani walikuwa Mbilikimo weusi waliotolewa msituni Afrika, malipo yao punje za kakao. Alipigiwa kelele, toleo la 1973 akawabadilisha. Na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Wayahudi.

Mwalimu, wasomee watoto Matilda, hicho kingine angalia toleo kwanza. Halafu tusidanganyane: yeye alikuwa na magazeti ya Marekani yanayonunua hadithi mojamoja. Wewe una mchapishaji mmoja na nauli.

Mwalimu_Isevya
Nauli yenyewe nilikopa. Hiyo ya Mbilikimo sikuijua, na toleo la maktaba yetu halina jalada. Nitalikagua Jumatatu.

Mzee wa Ujiji, aliandika saa ngapi? Na mnaonaje, zile 4 nizitoe kwa jina jingine?

Mstaafu_Ujiji
Kibandani bustanini kwake, asubuhi kwa muda wa saa mbili hivi, na alasiri tena muda kama huo. Penseli, karatasi za njano, ubao magotini, kiti cha mama yake. Jina alitumia lilelile pande zote. Mimi ningempelekea mchapishaji zile 11 peke yake, zile 4 nikazitafutia pengine, jina lako juu.

Mwalimu_Isevya
Mimi nina saa moja, kuanzia saa nne usiku, umeme ukiwepo. Haya, nitafanya hivyo.

Mume wangu kauona huu uzi. Anauliza kama friji bado tunaihitaji.