Timu ya mwanangu (miaka 10) inashinda kila wiki, lakini naona mpira unamtoka. Naombeni ushauri

MamaWinga

Habari zenu wakuu. Hili jambo limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa, naombeni mawazo yenu.

Nina kijana wa miaka 10. Tangu ana miaka 6 alikuwa kwenye timu ndogo ambayo kocha wake alichezesha watoto wote. Walishinda, walifungwa, lakini mtoto alirudi nyumbani hoi na kusimulia mechi mpaka usingizi unamchukua. Alikuwa na chenga moja anayoipenda: anauvuta mpira nyuma kwa wayo, halafu anatokea upande wa pili wa beki. Msimu huu timu kubwa ikamwona, ikamchukua. Mimi na baba yake tulifurahi mno, maana ndiyo inayoongoza ligi ya watoto chini ya miaka 11 na haijafungwa hata mechi moja.

Mechi zao ni dakika 50. Mwanangu anachezeshwa dakika 8 tu, siku nyingine 5, na mara 2 hakuingia kabisa. Mechi ya tatu alianzishwa. Akapokea mpira karibu na boksi letu, akajaribu ile chenga yake, akanyang'anywa, tukafungwa. Hazikupita dakika 2 akatolewa. Kocha alimwambia mbele ya wenzake, "Huku nyuma hatuchezi, huku tunabutua." Timu ikarudisha, ikashinda 4-1, wazazi wote wakashangilia.

Tangu siku hiyo mpira ukimfikia anaubutua bila hata kuinua kichwa. Hata akicheza na mdogo wake nyumbani anabutua. Nilipomuuliza ile chenga imekwenda wapi, akanijibu, "Mama, nisipopoteza mpira sitolewi."

Baba yake anasema nisimdekeze, mpira ni ushindani na benchi litamkomaza. Nimrudishe timu ya zamani, au nivumilie msimu uishe?

KochaWaWatoto

Pole sana dada. Nafundisha watoto wa umri huo mwaka wa 12 sasa, na hilo jibu la mwanao limenigusa kuliko hata hizo dakika 8. Kwake mpira umeshakuwa kaa la moto, ukija mkononi unatupwa.

Katika umri huu mtoto anajifunza kwa kuugusa mpira na kwa kukosea. Atajaribu chenga mara 10, atapoteza 8, na katika zile 2 ndipo anapoona ni wakati gani beki ameegemea mguu mmoja na hawezi kugeuka. Kocha anayezitaka pointi 3 kila wiki hawezi kuzivumilia zile 8. Simwiti mtu mbaya, msimamo wa ligi unamsukuma, na wazazi wanaoshangilia 4-1 wanamsukuma pia.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakioni ni kwamba kubutua kwenda kwa mtoto mmoja mwenye mbio kunashinda mechi za watoto kweli. Mabeki bado hawajui kujipanga, na kipa wa miaka 10 hafiki juu ya goli. Kwa hiyo kocha anaonekana hodari. Ngoja wafike miaka 14. Mabeki wamejifunza kukaa kwenye nafasi, wenzake wamemfikia kwa mbio, na mtoto aliyekuwa akibutua akibanwa na watu 2 hajui atoke vipi.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimegusa mfumo wenyewe. Uingereza walipiga kura mwaka 2012 kwamba watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wacheze 5 kwa 5, chini ya 9 na 10 wacheze 7 kwa 7, chini ya 11 na 12 wacheze 9 kwa 9. Norwe hawaruhusu msimamo wa ligi wala orodha ya matokeo mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza 11. Uwanja ukiwa mdogo na watoto wakiwa wachache hakuna pa kujificha, kila mtoto mpira unamfikia.

Nikuulize mambo mawili. Kwanza, mazoezini wanafanya nini? Ikiwa mazoezini anachezea mpira muda mrefu na anaruhusiwa kujaribu, hali haijaharibika. Ikiwa ni kukimbia kuzunguka uwanja na kupanga foleni kupiga mashuti, hilo ni tatizo kubwa kuliko benchi. Pili, mechi ijayo kaa pembeni uhesabu kimya kimya ni mara ngapi anaugusa mpira, na kila mara anaufanyia nini.

BekiMkongwe

Dada, mimi nampa haki baba yake kidogo. Nimecheza mpaka goti liliponikataa, na nasema hivi kwa nia njema.

Watoto wanahesabu magoli hata tukificha msimamo. Waulize wakitoka uwanjani, kila mmoja anajua ni ngapi ngapi. Mtoto asiyewahi kugombea namba atakutana na ushindani akiwa na miaka 16 na utamvunja. Hata huko Ujerumani walipobadilisha soka la watoto, Hans-Joachim Watzke, bosi wa klabu ya Borussia Dortmund wakati huo, alipinga waziwazi akihofia watoto watakua bila kujua maana ya kufungwa.

Binti yangu alisugua benchi msimu mzima. Alilia. Msimu uliofuata alirudi na hasira ya kazi, akachukua namba. Ukimhamisha mtoto kila anapobanwa, anajifunza kuhama.

KochaWaWatoto

BekiMkongwe, nakuheshimu, na kuhusu watoto kupenda kushinda hatupishani hata kidogo. Lakini tuangalie Ujerumani wamefanya nini hasa. Kuanzia msimu wa 2024/25 mfumo mpya ni lazima kwa watoto mpaka chini ya miaka 11. Hawajafuta magoli. Vinawekwa viwanja vidogo kadhaa kwa mpigo, kwa wadogo 3 kwa 3 na magoli madogo 4, mechi ni fupifupi. Ukishinda unapanda kiwanja cha pili dhidi ya wenye nguvu zaidi, ukifungwa unashuka unakutana na wa saizi yako. Watoto wanabadilishana kwa zamu, kocha hachagui nani asugue benchi. Asubuhi moja mtoto anashinda na kufungwa mara kadhaa, na anazitafuta zote kwa miguu yake mwenyewe.

Huo ni ushindani mwingi kuliko anaoupata huyu kijana kwa dakika 8 za kubutua. Binti yako alipata hasira ya kazi, nafurahi. Ila huyu hajakasirika. Ameogopa. Aliyeogopa ukimwacha benchi anaendelea kuogopa.

Mdau_Kimya

Muulizeni mtoto mwenyewe anataka nini. Kwa utulivu, bila baba na mama kuvutana mbele yake.

Kiungo_Mkabaji

Mama, mwanao amezaliwa mwezi gani? Naomba usipuuze swali hili.

MamaWinga

Mwezi wa 11. Na umri wao unahesabiwa kuanzia Januari. Kwa nini?

Kiungo_Mkabaji

Kwa sababu aliyezaliwa Januari mwaka huohuo amemzidi miezi 10, na wote wanaitwa miaka 10. Miezi 10 katika 120 ni moja ya kumi na mbili ya maisha yake yote! Inaonekana kwenye urefu, mbio, na nguvu ya kugombea mpira. Hili limechunguzwa katika nchi nyingi: vikosi vya watoto vinavyochaguliwa hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kuhesabia. Kocha anadhani anachagua kipaji, kumbe mara nyingi anachagua aliyetangulia kukua.

Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto mdogo. Leo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa Tottenham na wa timu ya taifa ya Uingereza. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu kadhaa za Ufaransa kwa udogo wa umbo, akaenda kukulia Real Sociedad huko Hispania, na mwaka 2018 akachukua Kombe la Dunia. Sisemi mwanao atakuwa Kane. Nasema usiruhusu mtu yeyote, hata baba yake, atoe hukumu ya mwisho juu ya mtoto ambaye mwili wake bado haujafika.

MamaWinga

Asanteni sana. Nimefanya kama mlivyosema, naleta mrejesho.

Jumamosi nilihesabu. Alicheza dakika 9. Aliugusa mpira mara 4. Mara 3 alibutua, na mara 1 ulimgonga gotini ukatoka nje. Nilimwonyesha baba yake kile kikaratasi, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Mazoezini nilikwenda Jumanne na Alhamisi. Nusu saa ya mwisho wanacheza mtu kati na mechi ndogo ndogo, na humo mwanangu anacheka. Aliifanya ile chenga mara moja, nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo haijamtoka yote.

Baada ya mazoezi nilimwomba kocha dakika 10. Sikumuuliza kuhusu matokeo wala kuhusu mtoto wa mtu mwingine. Nilimwambia alichoniambia mwanangu, neno kwa neno. Akanyamaza. Akasema hakujua kama alilichukua hivyo. Amekubali kuanzia wiki ijayo acheze nusu nzima ya mechi, ila anataka kumweka beki wa pembeni, kwa maelezo kuwa pale mbele tayari kuna waliokamilika. Baba yake ameridhika. Mtoto nilimuuliza faraghani, akasema anataka kubaki kwa sababu ya marafiki zake, "lakini nicheze."

Sasa naogopa hapo beki. Si ndiyo sehemu wanayobutua zaidi?

BekiMkongwe

Hongera dada, umefanya kiungwana. Na kile kikaratasi kimenibadilisha mawazo kidogo na mimi.

KochaWaWatoto

Umeongea na kocha vizuri sana. Usiogope namba. Beki wa pembeni anaona uwanja wote mbele yake na mpira unamfikia mara nyingi kuliko winga wa timu inayobutua. Kwa umri huu ni vizuri apite kila nafasi, hata golini mara mojamoja.

Mwombe kocha kitu kimoja tu: awe na ruhusa ya kutoka na mpira mguuni au kutoa pasi fupi, na akipoteza asitolewe kwa kosa hilo. Mwambie alitamke mbele ya watoto wote, kama alivyotamka lile la kubutua. Wewe na baba yake pembeni mkae kimya anapopoteza, msihemke, watoto wanasikia. Nyumbani cheza naye mmoja kwa mmoja, wewe ndiye beki, mwache akupite kwa wayo mpaka achoke.

Jumamosi chukua tena karatasi yako. Usihesabu magoli. Hesabu ni mara ngapi ameinua kichwa kabla ya kupiga, halafu utuletee hapa.