Trekta ya majani haichaji betri: nisuke koili, ninunue regyuleta au nifunge sola?

Majani_Marefu
Wakuu, habari za jioni. Nina katrekta ka kukatia majani, mtumba, injini Briggs & Stratton ya silinda moja. Nakatia uwanja wa shule huku Kigamboni na bustani mbili tatu za watu. Mwezi wa pili sasa hakachaji. Asubuhi nakashtua kwa Noah ya jirani (siku hizi anafunga geti mapema, sina cha kumlaumu), nakata lisaa limoja, nikizima ninywe maji ndiyo basi tena. Betri mpya kabisa.

Fundi wa kwanza anasema tung'oe flaiwili (lile gurudumu zito la injini), koili za chini yake zinazozalisha umeme zikasukwe Gerezani. Wa pili anasema regyuleta, ile inayodhibiti umeme wa kuchaji, imekufa, ninunue nyingine. Wa tatu anataka kunifungia rektifaya ya bodaboda, eti igeuze umeme wa koili uwe wa kuchaji betri. Shemeji anasema achana nao, weka sola bandani ichaji betri. Ipi yenye akili?

Spana_Kumi
Mkuu, unauliza bei ya dawa wakati malaria hujapima. Mita unayo? Betri iliyoshiba, injini imezimwa, inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa, mafuta juu, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri. Ikipanda kati ya 13.5 na 14.5 inachaji. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, haichaji. Angalia na fyuzi, usije ukang'oa flaiwili kwa ajili ya fyuzi.

Mtoto_wa_Gerezani
Mimi nasuka mota, kwa hiyo hapa najiharibia biashara. Kwanza tazama waya zinazotoka chini ya flaiwili. Ukikuta moja nyekundu na moja nyeusi, nyekundu ina dayodi ndani (inapitisha umeme upande mmoja tu), inachaji ampia 3 hivi tu, nyeusi ni ya taa. Mfumo huo hauna regyuleta kabisa, fundi wako wa pili angekuuzia kitu kisicho na pa kukaa.

Kama zote mbili ni rangi moja, chomoa plagi ya waya hizo, mita iwe volti za AC (umeme wa koili kabla haujageuzwa), injini mwendo wa juu. Koili ndogo inatoa kama 20, ya ampia 16 inafika 30 hivi. Ukiziona hizo, koili ni nzima. Usipoona kitu, zima injini upime waya mmoja na bodi: havitakiwi kuonana, yaani umeme usipite kati yake. Vikionana, koili imegusa bodi, hapo ndiyo uje. Na popote utakaposuka, simama hapohapo uone fundi anahesabu mizunguko kabla ya kubomoa. Wapo wanaokata kwa patasi halafu wanakadiria kwa macho, wanarudishia waya mwembamba, mwezi haupiti imeungua.

Miguu_Mitatu
Rektifaya ya boda niliwahi kuifunga kwenye mashine kama hiyo, ikadumu siku mbili. Nyingi za boda ndogo zinapokea AC kwa waya mmoja, ncha nyingine ya koili imefungwa bodini. Ya trekta ncha zote ziko huru. Ukitaka kubahatisha, tafuta yenye njia mbili za AC.

Mama_Ukoka
Sola ninayo, naipenda, ila inategemea visu vyako. Vikiingizwa kwa mkono, paneli ndogo na kontrola yake vinakutosha. Vikiwa na klachi ya umeme, ile inakula kama ampia 4 muda wote unaokata. Paneli ya wati 20 jua likiwa kali inakupa ampia moja na kitu. Ukikata kila siku haikufikishi popote.

Majani_Marefu
Nimeazima mita. Waya rangi moja, AC inasoma 28. Betri injini ikiwaka 12.2, inashuka. Klachi ni ya umeme. Kwa hiyo regyuleta? Kesho navuka Kariakoo.

Spana_Kumi
Usivuke bado. Regyuleta ya aina hiyo mara nyingi haina waya wa ethi, ethi yake ni zile bolti zinazoishika kwenye bati la injini. Na huko kwenu chumvi ya bahari haichagui. Ifungue, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza upya. Halafu usichomoe betri injini ikiwaka eti unapima, regyuleta nyingi zimeuawa hivyo.

Majani_Marefu
Bolti moja imekatika kichwa nilipoigusa tu. Chini yake kutu, kama chapati iliyosahaulika jikoni. Nimepiga msasa, bolti mpya: 13.9! Visu vikiingia inashuka 13.5. Nimezima na kuwasha mara nne mfululizo bila jirani.

Sasa fundi wa tatu kaja na rektifaya yake mkononi, anadai nauli ya pantoni, kwenda na kurudi. Nimpe?

Mtoto_wa_Gerezani
Mpe bwana. Na waya za kushtulia mrudishie jirani, maana najua bado unazo.