Noah 3S imechemsha: nisage hedi, ninunue ya mtumba au niweke injini nyingine?

Mwana_Ngamiani
Wakuu, Noah yangu ya 1999, injini 3S, ilichemsha Jumamosi nikipanda Lushoto. Natoka Mombo sindano ya joto iko katikati, kabla ya Soni imeshagusa nyekundu, na mimi nikaendelea kidogo nikitafuta pa kuegesha (najua, msinitukane). Sasa maji yanapungua wala sioni yanapovujia, asubuhi inatoa moshi mweupe, na kifuniko cha oili kwa ndani kina rangi ya chai ya maziwa. Fundi kafungua, gasketi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake) imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Kanipa njia tatu. Kusaga hedi, pamoja na gasketi na sili za valvu, haifiki laki tatu. Hedi ya mtumba kutoka Dar laki nne na nusu, gasketi mbali. Injini nzima milioni na ushee. Gari ndiyo inalisha nyumba. Mngekuwa nyinyi?

Bwana_Spea
Weka injini, ulale usingizi.

FundiPongwe
Atalala vipi na hiyo injini hajui ilitolewa kwenye gari kwa sababu gani? Kaka, usichague kabla hujapima. Hedi ya 3S ni alumini, bloku yake ni chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na pale imebanwa na bolti kumi, haina pa kwenda. Ndiyo inapinda. Isafishwe, iwekewe rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari, kisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ipite chini yake. Upande unaolalia bloku ukipinda zaidi ya 0.05 mm, hedi haifai kurudishwa hivyo hivyo. Hiyo ni nusu ya unene wa karatasi, kwa hiyo fundi anayepima kwa jicho mwambie akapime embe.

Halafu nyufa. Vitundu vya maji vinazibwa, hedi inajazwa upepo na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Mapovu yakitoka, hasa kati ya viti vya valvu, tafuta nyingine. Imepinda tu bila ufa? Saga.

Dada_Chumbageni
Kwenye mtumba naomba niseme, maana yalinikuta. Hedi ilikuja ndani ya kiroba, imepakwa rangi ya fedha inang'aa kama sufuria ya biharusi. Nikalipa. Fundi alipoigeuza, kuzunguka vitundu vya maji alumini imelika kama sukari guru iliyodondokewa na maji. Ikapimwa unene, kumbe ilishasagwa huko ilikotoka, tena sana. Na juu ya yote haikuwa na tundu la distributa (kigawa umeme wa plagi) wakati gari yangu ni ya distributa! Nikabaki na hedi mbili mbovu jikoni. Ukinunua, lipa ikishapimwa mbele yako.

MzeeWaMuheza
Mwanangu, kwenye rejeta unaweka maji gani?

Mwana_Ngamiani
Ya kisima cha nyumbani hapa Tanga, mzee wangu. Shikamoo.

MzeeWaMuheza
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha magamba kwenye vijia vya rejeta. Hata ukifunga hedi mpya ya dukani, mlima ule ule utaichemsha. Rejeta ifunguliwe, izibuliwe. Feni na thamostati (valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) ziangaliwe. Ukishafunga weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), ukikosa kabisa, maji ya mvua.

FundiPongwe
Mzee kamaliza. Nyongeza ya Noah: injini iko chini ya viti vya mbele, rejeta iko mbali kule puani, mabomba marefu. Hewa inabaki humo, unadhani umejaza kumbe nusu. Ijazwe gari ikiwa imeinuliwa pua, hita imefunguliwa, na isubiriwe mpaka mapovu yakome. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, 49 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kila moja izungushwe nyuzi 90 zaidi. Asiyekuwa na spana ya torki asiguse. Na sahani za tapeti (vibamba vya kurekebishia nafasi ya valvu) zirudi kila moja pale pale ilipotoka.

Dada_Chumbageni
@Bwana_Spea hujamwambia pia kwamba namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Akibadilisha, ana safari ya TRA.

Bwana_Spea
Safari moja tu dada.

Mwana_Ngamiani
Nimerudi. Hedi imepimwa leo: imepinda 0.12 mm, ufa hakuna, kuzunguka vitundu vya maji imechubuka kidogo lakini mtu wa mashine anasema kusaga kutafika. Nimeiacha kwake. Kwenye rejeta vijia vya chini karibu robo vimeziba, tope la kutu limetoka kama ubuyu. Ila kilichonimaliza ni thamostati. Fundi kafungua kibweta inamokaa, ndani hamna kitu. Kuna mtu aliitoa zamani na mimi nimenunua gari hivyo hivyo.

MzeeWaMuheza
Wanaitoa wakidhani wanaipoza gari. Nunua inayofunguka kwenye nyuzi joto 82, na ichemshe kwenye sufuria uone inafunguka kabla hujaifunga.

Bwana_Spea
Kwa hiyo injini huitaki tena?