Lira 5 ya Vatikani ya 1939: mbona ina mwavuli na haina sura ya Papa?

kale_tanga: Wadau, nina lira 5 ya fedha, gramu 5, kipenyo milimita 23. Upande mmoja kuna ngao, juu yake mwavuli na funguo mbili. Upande wa pili njiwa mwenye miali. Imeandikwa SEDE VACANTE. Muuzaji anadai ni medali tu. Kweli?

Mama Noti: Ni sarafu halisi. Pius XI alifariki 10 Februari 1939, Pius XII akachaguliwa 2 Machi. Hii ni ya kipindi hicho kiti cha Papa kilipokuwa wazi, ndiyo maana ya SEDE VACANTE. Papa hayupo, kwa hiyo hakuna sura yake wala lile taji la ngazi tatu. Mwavuli umeshika nafasi ya taji. Funguo zimebaki kwa kuwa ni za Petro (Mathayo 16:19), haziondoki na Papa anayekufa. Njiwa ni Roho Mtakatifu, anayeombwa awaongoze makardinali kwenye uchaguzi.

Ngao ni ya Kardinali Kamerlengo, msimamizi wa muda. Chukua lenzi uitazame ndani: kuna njiwa mwingine, mdogo, ana tawi la mzeituni mdomoni. Huyo ni wa ukoo wa Pacelli. Kamerlengo alikuwa Eugenio Pacelli, na ndiye huyo huyo aliyechaguliwa kuwa Pius XII!

fedha_na_shaba: Kwenye njiwa ndipo wengi wanapotea. Papa Innocent X (1644–1655) naye ana njiwa mwenye tawi, wa ukoo wa Pamphilj. Akiwa na tawi ndani ya ngao, ni wa ukoo. Akikunjua mabawa katikati ya miali, ni Roho. Joka la Gregory XIII nalo si Shetani, ni nembo ya ukoo wake, Boncompagni. Nyuki watatu wa Urban VIII ni wa Barberini. Tambua ngao kwanza, maana za picha baadaye.

Mzee Rupia: Na maandishi msiyaruke. Skudo (sarafu kubwa ya fedha ya Papa) ya 1846, kiti kikiwa wazi, ina NON RELINQVAM VOS ORPHANOS: "Sitawaacha ninyi yatima", Yohana 14:18. Innocent XI kwenye baadhi ya testone (sarafu ndogo ya fedha) hakuweka picha upande wa nyuma, maneno tu: MELIVS EST DARE QVAM ACCIPERE, "ni heri kutoa kuliko kupokea". Pesa inakuhubiria ukiwa unailipa.

kale_tanga: Asanteni. Imefifia kidogo, niisafishe?

Mama Noti: Usiisugue, si kwa majivu wala dawa ya meno. Miali ni mistari myembamba, itafutika ya kwanza, na bei itashuka nayo. Kagua ukingo juu ya mwavuli: ukiona alama ya kulehemu, iliwahi kuvaliwa kama kidani. Pia ijaribu kwa sumaku. Fedha ya 835 (sehemu 835 kati ya 1000 ni fedha tupu) hainasi.