Bunduki ya kwanza ya kulinda nyumba, Lubumbashi: kalibri 12 ya mitutu miwili au pompa (ya kuvuta na kusukuma kwa mkono kila risasi)?

Baba_Wawili_Kampemba:

Jambo yenu wote. Nakaa Kampemba, upande wa Bel-Air. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na korido, lupango (kiwanja cha nyumba) lina ukuta wa mita mbili. Wezi wanazunguka kartie, na SNEL (shirika la umeme) ikikata tu ndiyo saa yao. Mimi si mwindaji, sina mazoea na silaha. Nataka kitu kimoja cha kulinda mke, watoto wawili (miaka 6 na 11) na mama yangu mzee.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuna kalibri 12 ya mitutu miwili aliyoiacha marehemu mjomba, ya zamani, ina alama ya ELG, permi (kibali cha silaha) ilikuwa kwa jina lake. Au ninunue pompa mpya. Au nichukue «kitu chepesi» bila karatasi, ambacho mtu ananipigia debe kwa bei ndogo. Bajeti yote ni dola 900. Wakubwa mnaojua, nianzie wapi? Na kartushi (risasi za bunduki hizo) gani?

Fundi_Mitutu:

Ndugu, njia ya tatu ifute leo. Silaha za raia huku zinaongozwa na Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985: hakuna kumiliki bila permi. Hicho «kitu chepesi» kikiwa AK au bastola iliyotoka jeshini, kesi haiishii kwa polisi wa kartie. Sheria ya jinai ya kijeshi ya 2002 inaadhibu kumiliki silaha za vita, na raia naye hufikishwa mbele ya auditora (waendesha mashtaka wa jeshi). Na aliyekuuzia anajua unapolala na unacholala nacho.

Ya mjomba nayo: permi ni ya mtu, hairithiwi pamoja na kabati na viti. Mpaka utakapopata karatasi kwa jina lako, hiyo bunduki kisheria haina mwenyewe. Nenda kwanza kwenye huduma ya mkoa ya Mambo ya Ndani na cheti cha kifo, permi ya zamani na namba ya bunduki, uandikishe kwamba ipo. Usiibebe barabarani, hata kuipeleka kwa fundi, kabla ya kupewa ruhusa ya maandishi.

Karatasi zikitembea, ndipo uikague. ELG ndani ya duara la yai lenye taji ni alama ya benchi la majaribio la Liège, Ubelgiji. Hiyo peke yake haitoshi. Tafuta simba aliyesimama juu ya herufi PV: maana yake mitutu ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Isipokuwepo, au ukiona michoro ya mawimbi kwenye chuma cha mtutu (chuma cha damasi), hiyo ni bunduki ya baruti nyeusi. Itundike ukutani, kartushi za leo zinaweza kuipasua karibu kabisa na mkono wako wa kushoto.

Baada ya hapo chemba, pale kartushi inapokaa ndani ya mtutu. Bunduki nyingi za umri huo ni 12/65, yaani chemba ya milimita 65, na sokoni kartushi nyingi ni za milimita 70. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu kartushi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kugoma. Urefu wake huhesabiwa ikiwa imeshafunguka. Ikiwa mpya mdomo umekunjwa, kwa hiyo ni fupi. Ukifyatua, mdomo unafunguka ndani ya shingo ya mtutu, njia inabana, mkandamizo unapanda. Haitapasuka siku ya kwanza lazima, lakini unaila bunduki polepole, na siku moja itagoma vibaya.

Kukagua mitutu, ifungue, hakikisha ni tupu, chungulia ukielekeza kwenye dirisha. Utaona pete za mwanga na kivuli zikipangana hadi mwisho. Pete ikikatika au ikipinda, hapo kuna bonde au uvimbe. Kisha ondoa mbao ya mbele, funga bunduki, itikise: mbao ile ina springi inayoficha ulegevu, ndiyo maana wauzaji hawapendi uitoe. Ukisikia mgongano wa chuma, inahitaji kazi. Mwisho tundika mitutu peke yake kwenye kidole kwa ndoano yake, uigonge kwa ukucha au kijiti. Ikilia kwa mlio mrefu, utepe wa chuma ulioiunganisha umeshika. Ikitoa mlio uliokufa, solda ya kuunganishia imeachia.

Mama_Golf:

Nakubaliana na kaka Fundi. Naongeza upande wa matumizi, kwa mtu asiye na mazoea.

Pompa inasifiwa sana, na ni nzuri, ila ina kosa moja linalorudi kila mara kwa wageni: mkono wa hofu hauvuti mpaka mwisho. Ganda halitoki, kartushi mpya haipandi, unabaki umeshika bomba. Dawa yake ni mazoezi na kartushi za bandia, kuvuta kwa nguvu mpaka nyuma na kusukuma kwa nguvu mpaka mbele. Mtu ambaye hatafanya mazoezi hayo, mitutu miwili inamfaa zaidi. Unaikunja, unaona kwa macho kama kuna kartushi au hakuna. Kwenye nyumba yenye watoto, hilo la kuona kwa macho mimi nalithamini kuliko risasi tatu za ziada.

Watu wanasema bunduki ya marisau (chembe nyingi ndani ya kartushi moja) haihitaji shabaha. Ni uongo unaoua watu wa nyumbani. Kwenye mita tano, ambayo ndiyo korido yako, marisau yanatoka yamekusanyika kiasi cha kiganja, na mtutu wa kushoto wa bunduki ya kuwinda kwa kawaida umebanwa zaidi, yanakusanyika zaidi bado. Unaweza kukosa kabisa. Na yaliyokosa yanaendelea na safari: kartushi ya chembe 9 kubwa, kila moja karibu milimita 8 na nusu, inapita mlango wa triplex (mbao nyembamba za kubandikwa), dari ya triplex, bati na dirisha kama hakuna kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kartushi gani, simama mlangoni kwa chumba chako na uangalie: mwisho wa korido kuna nini? Ukuta wa nje wa matofali, au mlango wa chumba cha watoto? Kama ni mlango wa watoto, hakuna kartushi salama upande ule. Marisau madogo ya milimita 2 au 3 hupunguza hatari nyuma ya ukuta mwembamba, lakini hayaiondoi, na hayategemeki kumsimamisha mtu. Zile za kipande kimoja cha risasi, za kuwindia nguruwe, nyumbani hazina kazi.

Kwa ile ya Liège, hata ikipita ukaguzi, chembe kubwa zenye chaji nzito siziungi mkono. Kartushi nyepesi ya gramu 28 za marisau, ya urefu wa chemba yake, basi.

Na kipimo: kitako cha kawaida ni karibu sentimita 35 au 36 kutoka kifyatulio. Kwa mwanamke wa mikono mifupi ni kirefu, bega linapigwa na shabaha inapanda juu. Fundi anakikata hadi 33. Mitutu yenyewe usiikate kamwe, hata mtu akikwambia sentimita 70 ni ndefu kwa korido. Silaha iliyokatwa si ile iliyoandikwa kwenye permi tena.

Suderi_wa_Kenya:

Papa, samahani, mimi ni suderi (fundi wa kuchomelea) wa komine ya Kenya hapa Lubumbashi, naangalia hizo dola 900 na swali lako naona limeanzia katikati. Wezi wa hapa wakija na silaha wanakuja kikundi. Kartushi mbili, au tano, gizani, na umeamka sasa hivi? Unachohitaji ni dakika: mlango uwacheleweshe wakati kelele inaamsha kartie.

Mlango wa chuma wa tole (bamba) ya milimita 1 unakunjwa kwa nondo. Chukua milimita 2. Lakini mara nyingi mlango haushindwi, fremu ndiyo inashindwa. Mafundi wanaweka miguu miwili ya kushikia kila upande, ndani ya matofali ya kuchoma yanayomong'onyoka, na plasta juu inaficha. Nondo moja na fremu nzima inatoka na mlango wake umefungwa vizuri. Dai miguu minne kila upande, iingie ukutani angalau sentimita 15, izungukwe na zege, si matope wala saruji ya kupakaa. Angalia kwa macho yako kabla hawajaziba.

Bawaba zikiwa nje, pini yake inakatwa au kusukumwa. Chomelea vipande viwili vya nondo ya milimita 16 kwenye ubavu wa mlango upande wa bawaba, viingie kwenye matundu ya fremu mlango ukifungwa. Hata bawaba zikikatwa, mlango haung'oki. Kufuli iwe ya pointi tatu (inafunga juu, katikati na chini), na ule moyo unaoingiza ufunguo usitokeze nje ya bamba zaidi ya milimita 2 au 3, kwa sababu unaotokeza unavunjwa kwa koleo.

Antivoli (nondo za kuzuia wezi) za madirisha: nondo ya milimita 12, nafasi kati isizidi sentimita 11, ncha ziingie ukutani. Zilizofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya dirisha ni mapambo. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na antivoli inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukae karibu lakini mbali na mkono wa mtu wa nje. Moto nao unaua. Juu ya chumba hicho, chini ya mbao za paa, tandaza wavu wa chuma wa kuchomelewa, maana bati linafunuliwa bila kelele nyingi.

King'ora cha volti 12 na betri ya 7 Ah, swichi kando ya kitanda, waya ndani ya ukuta. Hakihitaji SNEL. Kengele yenyewe iwe juu, ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu. Mkubaliane na majirani na zamu (mlinzi) wenu: king'ora kikilia, kila lupango linagonga sufuria. Hayo yote yanaingia ndani ya bajeti yako, na yanalinda hata siku haupo.

Baba_Wawili_Kampemba:

Asanteni sana. Nimeangalia: mwisho wa korido ni mlango wa watoto. Na fremu ya mlango wa nyuma nikiusukuma kwa bega plasta inapasuka. Basi naanza na mlango. Ya mjomba nitaiandikisha. Ikija kupata permi, naihifadhi vipi na watoto wale? Na mwizi akikimbia na televisheni, sheria inasemaje?

Fundi_Mitutu:

Sanduku la chuma la milimita 3, si kabati la mbao lenye kufuli. Usilifunge kwa plagi za plastiki za skrubu kwenye tofali la kuchoma, linang'oka lote. Tafuta nguzo au linta ya zege, boliti nne za milimita 10 zenye urefu wa 100. Kama hakuna zege, toboa ukuta mpaka upande wa pili, upitishe boliti na bamba la chuma nyuma. Kufuli ya vibonye vya chuma inashinda ya betri: betri inakufa bila kukuaga.

Bunduki tupu, imefungwa. Kartushi kwenye kisanduku cha pili chenye ufunguo wake, mahali pengine pakavu. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, unyevu unapanda: zile za karatasi zinavimba na haziingii chemba. Mafuta kidogo tu kwenye chuma. Ukiyazidisha, vumbi la kiangazi linayageuza gundi kwenye mapini. Mtoto wa miaka 11 ana akili ya kutafuta ufunguo, kwa hiyo usiufiche chumbani, uvae. Na mfundishe yeye na mdogo wake neno moja: wakiiona, wasiiguse, waje kukuita.

Mama_Golf:

La televisheni: jaji anapima kama shambulio lilikuwa linaendelea wakati ule ule, kama halikuwa halali, kama hukuwa na njia nyingine, na kama ulichofanya kinalingana na hatari. Anayekukimbia amekupa mgongo. Ukimpiga, mshtakiwa ni wewe, hata akiwa na televisheni yako begani. Mwache aende.

Kwa hiyo usiku mpango uwe wa kukusanyika, si wa kutoka kutafuta mtu. Chumba chako kiwe ndicho cha kukimbilia: mlango wa mbao nzito au chuma, komeo mbili, simu yenye chaji, namba ya shefu wa kartie na ya kamisaria imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Kwa kuwa watoto wako mwisho wa korido, wahamishie chumba kinachopakana na chako pamoja na mama mzee, na kile cha mwisho kiwe stoo. Jaribuni mchana, taa zimezimwa, mpaka kila mtu afike bila kujigonga.

Suderi_wa_Kenya:

Na kabla fundi hajachomelea mlango wa nyuma, pima kutoka sakafu iliyomalizika, si zege tupu. Ukija kuweka kaure baadaye, mlango unakwaruza chini, watu wanausaga kwa diski, na ile pointi ya chini ya kufuli haiingii tena kwenye tundu lake. Pointi tatu zinabaki mbili na hakuna anayeona.