Askari wa ulinzi, saa 12 kwa siku: huu ushauri wa "acha kazi leo" unafaa hapa Uganda?

Nalongo_Kawempe

Salaam wadau. Vijana wa ulinzi huku kwetu wanatumiana picha za meseji kutoka lile jukwaa la antiwork (la wanaopinga kazi ya kuajiriwa) kwenye mtandao wa Reddit: Mmarekani anamwandikia bosi "sirudi tena", anazima simu, watu elfu wanampongeza. Wazee wao nao wanawaambia wasilete uvivu, kazi ni kazi, nyuma ya geti wako mia wanaoitaka. Naona pande zote mbili zinawapoteza.

Hali yao ni hii: shilingi 250,000 kwa mwezi, zamu ya saa 12, siku 6 kwa wiki na wengine siku 7. Ovataimu hakuna. Mkataba wa maandishi hawajawahi kuuona. Wengi wamefanya zaidi ya mwaka mmoja.

Naomba majibu yenye hesabu. Wakiondoka ghafla wanapoteza nini? Wakikaa saa 8 tu na kushuka lindoni, kama wanavyofundishwa mtandaoni, inakuwaje? Na kwa sheria wanadai kiasi gani hasa?

---

Karani_Ntinda

Nalongo, habari ya hapo. Nianze na hesabu, maana bila hiyo kila mtu anabishana na hewa.

Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka wiki ya saa 48. Kila saa inayozidi, siku ya kawaida, inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Siku ya sikukuu iliyotangazwa rasmi inalipwa mara mbili. Saa 48 kwa wiki zinafanya saa 208 kwa mwezi (48 × 52 ÷ 12).

250,000 ÷ 208 = takribani 1,202 kwa saa.
Saa ya ovataimu = takribani 1,803.
Mtu wa saa 12 kwa siku 6 anafikisha saa 72, yaani zimezidi 24 kwa wiki, au 104 kwa mwezi.
Ovataimu isiyolipwa: 187,500 kila mwezi.

Yule wa siku 7 yuko kwenye saa 84. Zimezidi 36 kwa wiki, 156 kwa mwezi, na fedha yake ni 281,250. Huyu ananyimwa hata saa 24 za mapumziko ambazo kila mfanyakazi anastahili baada ya siku 6 mfululizo. Ukigawa mshahara wake kwa saa zote anazosimama, anapata shilingi 687 kwa saa.

Mwajiri atasema "hii ni kazi ya zamu, sheria inaruhusu". Inaruhusu kweli kupita saa 10 kwa siku kwa wanaofanya kwa zamu, ila wastani wa wiki tatu usizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Saa 72 kila wiki haziingii humo hata ukizipindua vipi.

Sasa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo vijana huvunjika moyo baadaye: hiyo 187,500 haifiki yote mfukoni. Kwa 250,000 mtu anakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 5 (12,500) na PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) 1,500, anabaki na 236,000. Kwa 437,500 (mshahara pamoja na ovataimu) NSSF inakuwa 21,875 na PAYE 33,250, anabaki na 382,375. Tofauti halisi ni 146,375. Bado ni pesa ya kodi ya chumba, lakini waambieni namba ya kweli tangu mwanzo.

Na mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 yake NSSF. Tangu mabadiliko ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima achangie. Ile kinga ya zamani ya kampuni kusema "tuko chini ya wafanyakazi watano" imekwisha. Kijana apige *254# aone kama michango inaingia. Kosa la kawaida sana: pesa inakatwa kwenye mshahara na haifiki kwenye mfuko. Hilo ni dai la peke yake, lisichanganywe na la ovataimu.

---

Mzee_Malaba

Nalongo, huwezi kuwaelewesha vijana hao bila kuwaeleza ule ushauri ulizaliwa wapi.

Jukwaa lenyewe lilianzishwa 2013. Walioanza walikuwa na fikra za kukataa mfumo mzima wa kazi ya kuajiriwa, na lilikuwa dogo kwa miaka. Lililipuka 2021. Baada ya korona Marekani ilikuwa na nafasi za kazi nyingi kuliko watu wa kuzijaza. Novemba 2021 peke yake takribani watu milioni 4.5 waliacha kazi. Mhudumu wa mgahawa akitoka Jumatatu, Alhamisi yuko kwingine na amepata nyongeza. Katika hali hiyo kuondoka ni silaha, kwa sababu bosi ndiye anayehangaika kutafuta mtu. Walifika hata kuijaza tovuti ya ajira ya kampuni ya vyakula ya Kellogg's kwa maombi ya uongo Desemba 2021, baada ya kampuni kusema itaajiri watu wa kudumu badala ya waliogoma. Januari 2022 msimamizi mmoja wa jukwaa alihojiwa kwenye televisheni ya Fox News, mahojiano yakaenda vibaya, jukwaa likafungwa kwa muda, na wengi wakahamia kundi jipya la WorkReform. Hao wa pili walikuwa wakidai kazi yenye masharti bora. Vijana wetu wanachanganya makundi hayo mawili.

Jambo la pili ndilo ninalotaka lisikike. Marekani, karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kukufukuza leo bila notisi wala sababu, na wewe unaweza kuondoka leo. Sheria yao ya kitaifa haina likizo ya mwaka yenye malipo. Walicho nacho ni kima cha chini, dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Kwetu ni kinyume chake. Kima cha chini kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada uliopitishwa na Bunge 2019 Rais alikataa kuutia sahihi. Kwa hiyo ukienda kudai kwamba 250,000 ni ndogo, sheria haina pa kukushikilia. Lakini notisi unayo, likizo unayo (siku 7 kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka), siku ya mapumziko unayo, kikomo cha saa unacho.

Hapa mfanyakazi wa mshahara mdogo anapigania saa zake. Kijana anayeiga Mmarekani anaacha mezani kile alicho nacho ili apiganie kile asicho nacho.

Na hao wazee wanaosema "uvivu", nawaheshimu, wamelea watoto kwa vibarua. Lakini mtu anayesimama getini saa 84 kwa wiki ameshatoa karibu wiki mbili za kazi ndani ya wiki moja. Akisinzia saa kumi usiku, uvivu uko wapi? Mwili umekataa tu.

---

Bint_Arua

Nikubaliane na Mzee, niongeze ya utekelezaji.

Kushuka lindoni baada ya saa 8: wasithubutu. Kwenye kazi ya ulinzi kuacha lindo kabla ya mwenzako kupokea ni kosa kubwa la nidhamu, na mwajiri anapata sababu ya kufukuza aliyokuwa hana. Kwa karani wa ofisi kufunga kompyuta saa kumi na moja ni salama. Kwa askari mwenye funguo na bunduki ya kampuni ni kumkabidhi bosi kesi.

Kuondoka ghafla: sheria inampa mfanyakazi njia ya kutoka hata bila notisi kama mwenendo wa mwajiri umepita kiasi, na kuondoka huko kunahesabiwa kama ameachishwa na mwajiri. Ila inategemea uliandika nini kabla ya kutoka. Ukizima simu tu, kampuni itaandika "ametoroka kazini", itashikilia mshahara wa mwisho, na itakudai fedha ya notisi. Mtu wa miezi 6 hadi mwaka anatoa notisi ya wiki mbili. Mwaka mmoja hadi mitano ni mwezi mmoja. Mitano hadi kumi miezi miwili. Kumi na kuendelea miezi mitatu. Muda huo huo ndio mwajiri anaopaswa kumpa yeye.

Ushahidi ukusanywe wakiwa bado ndani, angalau miezi miwili kabla ya kudai chochote:

Kitabu cha zamu. Kila askari anaandika saa ya kupokea na ya kukabidhi. Apige picha ukurasa wake kila siku, tarehe ionekane. Watu wengi hushindwa hapa: wanapiga picha siku mbili tatu wakiwa na hasira, halafu wanaacha. Afisa wa kazi (wa serikali, anayepokea malalamiko ya wafanyakazi) anataka mfululizo. Na wapige ukurasa wenye saa na majina tu, wasitoe nje maelezo ya ulinzi wa mteja.

Malipo. Kama wanalipwa kwa simu, waombe taarifa ya miezi 12 kutoka MTN au Airtel. Wakilipwa mkononi, waandike tarehe na kiasi siku ile ile, na wamtumie mkuu wa lindo meseji ya kushukuru inayotaja kiasi. Akijibu "sawa", hiyo imeshakuwa rekodi.

Mkataba. Kutokuwa na karatasi hakuwafanyi wasiwe wafanyakazi, kwa kuwa mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuwapa masharti kwa maandishi, na karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. Waombe kwa barua, wabaki na nakala iliyogongwa muhuri au picha ya barua mkononi mwa aliyeipokea.

Kuambiana mishahara. Hili ndilo jambo moja la antiwork ningelichukua lote bila kupunguza. Askari wawili wa lindo moja wanaweza kuwa na tofauti ya 40,000 na wasijue kwa miaka. Wakae, waandike kwenye karatasi moja: jina, tarehe ya kuanza, mshahara, saa, makato. Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa dai la pamoja, na dai la watu tisa ni gumu kulizima kuliko la mmoja. Haki ya kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi iko kwenye kifungu cha 40 cha Katiba. Waulize NOTU au COFTU, mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, ni chama kipi kinachochukua watu wa ulinzi.

---

Nalongo_Kawempe

Asanteni sana, dada na wazee. Mawili yamebaki. Kuna ambao kampuni inawaita lejaleja, wanalipwa kwa siku, sasa ni mwezi wa saba. Na kuna mmoja aliuliza habari ya ovataimu mwishoni mwa mwezi wa jana, akaambiwa asirudi. Hakupewa barua.

---

Karani_Ntinda

Wa lejaleja: Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua hawezi kukaa kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mfanyakazi wa kawaida. Ujanja unaotumika ni kumsimamisha siku chache mwezi wa nne halafu kumwita upya ili hesabu ianze moja. Ndiyo maana picha za kitabu cha zamu ni muhimu kwao kuliko kwa wengine: zinaonyesha kwamba lindo ni lile lile na mapumziko yalikuwa ya kubuni. NSSF inawahusu pia.

Aliyefukuzwa: huyo ashughulikiwe kwanza, wengine wanaweza kusubiri. Malalamiko ya kuachishwa kwa uonevu yanapelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Ameshatumia sehemu yake. Kudai haki au kutaka kufungua malalamiko si sababu halali ya kumwachisha mtu. Kumfukuza kwa utovu wa nidhamu nako kunahitaji asikilizwe kwanza, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Asiposikilizwa, kwa kosa hilo peke yake anastahili mshahara wa wiki nne, mbali na notisi, likizo ambayo hakuichukua na ovataimu.

Kwa kuwa hana barua, atume meseji leo kwa aliyemfukuza: "Tarehe fulani uliniambia nisirudi kazini. Naomba barua ya sababu na cheti changu cha utumishi." Wakijibu, jibu ni ushahidi. Wakinyamaza, meseji yake ina tarehe. Asiandike matusi wala vitisho vya mitandaoni, kwani meseji hiyo hiyo itasomwa mbele ya afisa.

---

Bint_Arua

Nalongo, huyo aliyefukuzwa aende Kampala kwa afisa wa kazi wa KCCA (mamlaka ya jiji), ikiwa lindo liko ndani ya jiji. Likiwa Wakiso, aende makao ya wilaya hiyo. Watu hupoteza wiki nzima kwa kwenda ofisi isiyohusika. Kufungua malalamiko ni bure. Abebe kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha kampuni kama hawajakichukua, taarifa ya malipo, picha zilizochapwa (simu inaweza kuzimika mbele ya afisa), na ukurasa mmoja wa hesabu kama aliyoweka Karani hapo juu: notisi mstari wake, likizo mstari wake, ovataimu mwezi kwa mwezi. Wanaoandika "nadai milioni tano" bila mchanganuo huishia kupatanishwa kwa 200,000.

Aandike tarehe aliyofungua. Siku 90 zikipita bila uamuzi, anaweza kulipeleka Mahakama ya Viwanda.

---

Nalongo_Kawempe

Nimemwita. Anakuja kesho asubuhi na simu yake, tutaanza na hiyo meseji. Karatasi ya mishahara wenzake wataijaza Jumapili wakibadilishana zamu.