Mishumaa ya makombe: kwa nini mwali unazama?

Muulizaji wa Mkomani

Assalaam aleikum, wanabaraza. Dada yangu anaolewa mwezi ujao hapa Lamu, nami nimeazimia kumpambia chumba cha ndani kwa mishumaa niliyoitengeneza mwenyewe ndani ya makombe ya baharini, ili ikae katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usiku wa kupaka hina. Nilinunua mishumaa myeupe ya dukani, nikaiyeyusha, nikachomoa tambi zake, nikazisimamisha ndani ya makombe na kumimina nta. Ilipoganda, katikati palibonyea kama kitovu. Na nilipouwasha, mwali ulichimba kishimo chembamba, ukazama katika nta iliyoyeyuka na kuzimika kabla hata chai yangu haijapoa. Isitoshe, makombe mawili yananuka shombo. Nimekosea wapi?

Bi wa Langoni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kosa kubwa liko kwenye utambi. Ule uliouchomoa ulikadiriwa kwa mshumaa wenye unene wa kidole gumba, ilhali kombe lako lina upana wa kiganja. Mwali wake hauna nguvu ya kuyeyusha nta mpaka ukingoni, kwa hiyo hujichimbia kisima na kufa maji humo humo. Suka nyuzi tatu za pamba tupu ziwe utambi mmoja, na kombe likiwa pana zaidi, weka tambi mbili zilizoachana. Kabla ya kuusimamisha, uchovye katika nta ya moto mpaka viputo vikome kutoka, kisha unyooshe juu ya karatasi ukauke kama kijiti, kwani uzi mkavu huteketea wenyewe kabla haujaanza kuivuta nta. Juu ya nta bakiza nusu sentimita tu.

Kule kubonyea hakukwepeki, maana nta hunywea inapopoa. Weka akiba kidogo ya nta, toboa kwa sindano kandokando ya utambi pale inapoanza kuganda, halafu mimina mara ya pili. Shombo ni mabaki ya mnyama aliyekuwamo: chemsha makombe, yasugue kwa mswaki mkuukuu, uyaanike juani siku mbili tatu hadi yakauke kabisa. Usiyaloweke katika siki, kwa sababu kombe ni la jamii ya mawe ya matumbawe tunayochoma kupata chokaa, na siki hulila mpaka mng'ao ukapotea.

Fundi wa Shela

Naongeza la moto, kwa kuwa nilikwisha kuunguzwa. Nta isiyeyushwe katika sufuria iliyokaa moja kwa moja jikoni. Iweke katika kopo, na kopo likae ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi hivi, na hiyo ya dukani mara nyingi huwahi kabla ya hapo, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Ikishika moto, funika kwa kifuniko na uzime jiko, wala usithubutu kumwagia maji. Mimi sikumwaga maji, nilimimina marashi ya mawaridi nikitaka yanukie, nikasahau kwamba marashi hayo nayo ni maji: nta ilitatarika kama vitunguu katika mafuta ya moto, na tone moja likanigandia kwenye kifundo cha mkono. Rangi za watoto za kuchorea nazo ziache, huziba utambi.

Kuhusu zidaka, zipambe kwa makombe yasiyowashwa. Kidaka ni kifupi, mwali utaacha masizi kwenye chokaa ya juu, na kuyatoa ni kazi ya kupaka upya. Yatakayowashwa yakae chini, mbali na mapazia na makuti.

Mwana wa Malindi

Hakuna aliyemuuliza bibi arusi mdogo makombe ameyatoa wapi. Huku kwetu, Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, haitolewi kitu, hata kombe tupu, na huko kwenu kuna Hifadhi ya Kiunga ya mwaka 1979 yenye masharti yake. Hata nje ya hifadhi, kombe lililoachwa na mwenyewe huenda limeshapata mpangaji, yule kaa anayehama na nyumba mgongoni. Waombe wapishi wa samaki maganda ya chaza: yana kina, ndani yanang'aa, na kwa kawaida huishia jaani. Kauri usihangaike nazo, mdomo wake haupitishi nta vizuri.

Muulizaji wa Mkomani

Nawashukuru nyote, ingawa bibi arusi ni dada yangu, si mimi. Yangu niliyaokota ufukweni, na moja kweli lilikuwa na kaa, nikalirudisha. Jana nimejaribu ganda la chaza kwa utambi wa nyuzi tatu: limewaka kuanzia magharibi hadi isha bila kuzama, ila lilipata moto hata halishikiki, nami nikaliegemeza katika sahani ya mchanga.